Unacheza Namba Ngapi? Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Mashindano ya Gemu Mombasa

Kwa Mwenyekiti na Wanakamati wa mashindano,
na kwa wamiliki wa kumbi za gemu,
Mombasa.

Waheshimiwa,

MINTARAFU: WACHEZAJI WASIOJUA KAZI ZAO KATIKA TIMU

Baada ya salamu, tunawaandikia hadharani kwa sababu njia za faragha zimekwisha. Mmeelezwa kwa mdomo, mmeandikiwa kwenye kundi la WhatsApp, mmepelekewa karatasi ya mapendekezo. Jibu limekuwa lile lile: vijana wa siku hizi hawataki kujifunza, kila mtu anataka kuua tu. Sisi manahodha na wafunzaji wa timu za Dota 2 na Mobile Legends kutoka Kisauni, Majengo, Likoni na Changamwe tunalikataa jibu hilo. Vijana wanajifunza, tena upesi sana. Wanachojifunza ni kile ambacho mashindano yenu yanalipa.

Kwa asiyeujua mchezo, na tunajua baadhi ya wanakamati hawauchezi: Dota 2 ni watano kwa watano, na kila mmoja ana namba, kama mpirani. Namba hazisemi nani bora. Zinasema nani ale dhahabu kwanza. Namba moja hula kwanza, kwa kuwa shujaa wake huanza akiwa dhaifu na huwa wa kutisha akishanunua silaha, aghalabu kuanzia dakika ya 30. Uwanja una njia tatu, na namba mbili hushika njia ya kati peke yake. Namba tatu hukaa njia ngumu na kuwasumbua wapinzani huko. Namba nne huzunguka akitafuta pa kusaidia. Namba tano hula mwisho, na kuna dakika hali kabisa. Kazi yake ni kumlea namba moja na kuhakikisha timu inaona. Muulize mchezaji yeyote katika mashindano yenu anacheza namba ngapi, atajibu bila kusita. Kisha muulize namba hiyo hufanya nini kati ya dakika ya 10 na ya 20. Hapo ndipo kimya huanza.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Bahasha ya mchezaji bora hupewa aliyeua wengi.

Namba tano anayeitaka bahasha hiyo ana njia moja tu: aache kazi yake. Na ndivyo anavyofanya. Uchawi wake wa kumzubaisha adui, ambao ungetangulia ili namba moja afike na kumaliza, anauweka mfukoni mpaka adui abaki na uhai kidogo, ndipo autumie kupata pigo la mwisho. Nusu ya mara adui huyo hutoroka. Mara nyingine anakufa kweli, lakini dhahabu ya kichwa, yaani malipo ya kuua, inaingia kwa mtu ambaye hana la maana la kuinunulia. Badala ya Force Staff, fimbo ya kumsukuma mwenzako atoke mtegoni, anaanza kuweka akiba ya Daedalus, silaha ya zaidi ya dhahabu 5,000, ambayo kwa mapato ya namba tano haitapatikana kabla mechi haijaisha. Ubao wa mwisho unamwonyesha ana vichwa 12. Timu imefungwa. Yeye anapiga picha ubao.

2. Kazi ya namba tano haina sauti, nanyi hamjaipa sauti.

Hili ndilo kubwa, na tunaomba mlisome polepole.

Mbebaji, yaani namba moja, akimpiga askari (hawa huendeshwa na gemu yenyewe) pigo la mwisho anasikia sarafu zikilia na anaona dhahabu ikipanda juu ya kichwa cha askari. Amekosea? Hakusikia kitu. Anasahihishwa kila baada ya sekunde chache, mamia ya mara katika mechi moja. Hata mtu asiye na mwalimu ataboreka.

Sasa mtazameni namba tano. Anapanda wodi, lile jicho la siri linalokaa dakika sita na kuonyesha sehemu ya ramani iliyokuwa gizani. Dakika ya 14 wapinzani wote watano wanapita mbele ya jicho hilo kumwendea mbebaji. Mbebaji anaona vidoti vitano vyekundu, anaondoka. Kisha nini? Hakuna. Hakuna aliyekufa, hakuna mlio, hakuna aliyesema ahsante. Kazi ya namba tano ikifanywa sawasawa, halitokei jambo.

Na kosa lake nalo ni bubu. Anapanda jicho juu ya kilima kile kile kinachojulikana na kila mtu aliyewahi kuucheza mchezo huu. Mpinzani anakuja na jicho la kufichua, bei yake dhahabu 50, analivunja. Namba tano macho yake yako vitani, huenda asitambue. Dakika nne zinazofuata anaamini timu yake inaona, kumbe wote ni vipofu. Mbebaji anauawa, anatukana, namba tano anajibu kwamba wodi alipanda, na kweli alipanda. Mtu anaweza kucheza mechi 2,000 namna hiyo na bado apande macho kama siku ya kwanza, kwa sababu hakuna hata moja kati ya mechi hizo iliyomwambia alikosea wapi.

Chukueni mfano wa kurundika kambi, kazi ndogo inayofunzika kwa nusu saa. Wanyama wa msituni huzaliwa upya kila dakika kamili, kwa sharti kwamba kambi iwe tupu wakati huo. Namba tano anaipiga kambi mara moja kwenye sekunde ya 53 hadi 55, kutegemea ni kambi gani, kisha anakimbia. Wanyama wanamfuata, wanatoka nje ya eneo lao, saa inagonga sifuri, wengine wanazaliwa nyuma yao. Sasa kambi ina wanyama wa mara mbili. Akipiga sekunde ya 50, wanageuka kurudi kabla ya dakika. Akipiga ya 58, hawajawahi kutoka. Akikimbilia upande wenye miti mingi, wanampoteza na kurudi upesi. Na iwapo mpinzani ameficha jicho ndani ya kambi, hakizaliwi kitu hata afanyeje, mpaka alifichue alivunje. Mnaona? Ni ufundi kamili, una vipimo vyake na makosa yake. Lakini akiufanya barabara mara tatu, anayekuja kuwavuna wale wanyama ni namba moja, na anayepigiwa makofi ukumbini ni namba moja.

3. Namba hupangwa asubuhi ya mechi.

Mechi inatangazwa saa nne. Mchezaji mmoja yuko kwenye foleni ya feri Likoni, mwingine simu haipatikani. Mnaruhusu timu ichukue yeyote aliyepo ukumbini, na yeyote huyo hupewa namba tano, kwa imani kwamba hapo hataharibu kitu. Mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote. Wiki inayofuata anapangwa namba tatu. Hakuna timu ya mpira, hata ya mtaani, inayompeleka golikipa kucheza winga kwa sababu tu golikipa mwingine amewahi kufika.

Kwenye simu hali ni ile ile. Katika Mobile Legends, Kasa wa kwanza, mnyama mkubwa anayegombaniwa na timu zote mbili, hutokea dakika ya pili. (Jina hili tunalipenda, kwa watu wa pwani halihitaji maelezo.) Mchezaji wa msituni, mwenye Retribution, uchawi wa kuwamaliza wanyama, ndiye wa kummaliza Kasa. Anayezunguka, ambaye kazi yake ni kama ya namba nne na tano, anapaswa awe amefika karibu na shimo kabla ya muda huo, asimame kwenye kichaka upande watakaotokea wapinzani, awazuie au angalau awaonyeshe. Anayezunguka wa kuokotwa asubuhi hubaki njia ya dhahabu akila askari pamoja na mpiga mshale, wakigawana umaskini, na Kasa anakwenda kwa wapinzani bila hata kupiganiwa. Dakika ya 8, Lord, mnyama mkubwa zaidi, anapotokea, mchezo huo huo unarudiwa.

4. Mnapanga timu kwa daraja peke yake.

Daraja, ile medali ambayo gemu humpa mchezaji kwa kushinda, hupatikana kwa namba fulani. Aliyepanda kwa kucheza njia ya kati mechi zake zote, mkimweka namba tano kwa kuwa "ana medali kubwa", mmepata mwanafunzi mwenye kiburi cha mwalimu. Atakataa kufunzwa, na kwa nini akubali, ikiwa nyinyi wenyewe mmemwandika mtaalamu?

5. Saa ya ukumbi.

Hili ni kwa wamiliki. Mechi moja ya Dota huchukua dakika 35 hadi 45. Aliyelipia saa moja amenunua mechi moja. Hatatumia mechi yake moja ya wiki kujifunza pa kupanda macho; atachukua shujaa mwenye upanga. Hatumlaumu. Nanyi hatuwalaumu kwa kutaka biashara, ila mnajua kwamba viti huwa vitupu siku za kazi asubuhi, na tulishapendekeza cha kuvifanyia.

6. Jina.

Neno linalotumika ukumbini ni sapoti, na hutamkwa kama mtu anavyomtaja taniboi wa lori. Lakini muulizeni dereva yeyote atokaye bandarini na kontena kama anaweza kufika Mariakani bila taniboi wa maana: nani anamwongoza akirudi nyuma, nani anaweka kigingi gurudumu lisiteleze mlimani, nani anachunga upande asiouona. Tumieni namba. Namba haina utumwa ndani yake.

Sasa tunajua mtakavyojibu, kwa kuwa mmeshatujibu.

Mtasema mtandao ni mbovu. Kebo ya intaneti ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah mwaka 2009, karibu kilomita 5,000 chini ya bahari. Mwanga ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 50 hivi. Hizo hazipunguziki. Wi-Fi ya ukumbi iliyogawanywa kwa viti 15, huku mtu mmoja akipakua filamu, ndiyo inayozifanya 200. Ni kweli ucheleweshaji huo unamwumiza mbebaji anayehitaji pigo la wakati hasa. Lakini kambi ya sekunde ya 53 haijali; unaipiga punde kidogo mapema. Jicho halijali kabisa. Kwa hiyo mwenye mtandao mbaya ndiye angefaa zaidi kujifunza namba tano, na kisingizio hiki kinageuka kuwa hoja yetu. Isitoshe, Dota inaruhusu chumba cha mechi kuendeshwa na kompyuta iliyo ndani ya ukumbi wenyewe. Tandazeni waya, acheni Wi-Fi, na mechi za kanda hazitapita baharini hata kidogo. Stima ikipotea, hilo ni jambo jingine.

Mtasema wadhamini wanataka vichwa kwa ajili ya video fupi. Waonyesheni vichwa. Hakuna anayewazuia. Video na bahasha ni vitu viwili.

Mtasema ni burudani tu. Mkitoza ada ya kuingia na kutangaza zawadi, mmeshaitoa kwenye burudani tu.

Na mtasema hili ni la watengenezaji wa gemu, si lenu. Hapa tunakubaliana nanyi nusu, na historia yao inafaa kusomwa. Kampuni ya Blizzard walipoweka foleni ya kutafuta kikosi katika World of Warcraft, Desemba 2009, walikuta kila mtu anataka kupiga na wachache wanataka kuwa ngao, yaani wa kupokea mapigo, au tabibu. Mwaka 2011 wakaanza kuwapa mifuko ya zawadi wanaojitolea kwa kazi iliyopungukiwa na watu. Katika Overwatch, gemu yao nyingine, wakaweka idadi maalumu ya kila kazi mwaka 2019, ngao wawili, wapigaji wawili, matabibu wawili, na mwaka uliofuata wakatoa vibali vya kuruka foleni kwa aliyekubali kazi yoyote atakayopewa. Dota nayo iliweka foleni ya kazi mwaka 2019, na baadaye ikataka mchezaji akubali kazi zote kwanza ili apate haki ya kuchagua aitakayo.

Dawa zote hizo zilijaza viti. Hazikufunza mtu. Walijitokeza watu wakajiandikisha ngao wakiwa wamevaa mavazi ya kupigia, wakapata mfuko wao, wakawaacha wenzao wafe. Katika Dota wapo wanaojiandikisha namba tano ili foleni iwe fupi, kisha wakichagua shujaa wanachagua mbebaji wa pili. Kumlipa mtu kwa kuingia kwenye kazi na kumlipa kwa kuifanya ni malipo mawili tofauti, na nyinyi hata hilo la kwanza hamjalifikia.

Ila mara moja walijaribu jambo jingine. Mwaka 2013 World of Warcraft iliongezewa viwanja vya kujaribiwa, mtu peke yake, kwa kazi aliyoichagua: ngao, tabibu au mpigaji. Mwaka 2014 wakaweka sharti kwamba asiyepata medali ya fedha katika kazi yake haingii kwenye foleni ya mapango magumu yanayopangwa kwa bahati. Wachezaji wengi walinung'unika, na sharti hilo baadaye liliondolewa. Sisi tunaona lilikuwa sahihi, na kwamba lililoshindikana katika mchezo wa mamilioni ya watu linawezekana katika mashindano ya ukumbi mmoja, ambako msimamizi anaweza kusimama nyuma ya kiti na kutazama kwa macho yake.

Kwa hiyo tunaomba haya, kabla ya usajili wa msimu ujao kufunguliwa:

(a) Kila mchezaji ajisajili kwa namba yake na namba ya akiba, siku 14 kabla ya mechi ya kwanza. Kila timu iandike mchezaji wa sita. Asiyeandikwa hachezi, hata akiwa amekaa kwenye kiti.

(b) Pawe na jaribio la dakika 10 kwa kila namba, katika chumba cha faragha. Kwa namba moja: peke yake njiani, bila mpinzani, bila kununua kitu baada ya vifaa vya kuanzia. Askari hutoka kila sekunde 30, wanne kwa mkupuo, kwa hiyo hadi dakika ya 10 hupita takriban 80. Tunataka mapigo ya mwisho 55. Kwa namba mbili: runi, zile nguvu za muda zinazotokea mtoni, za dakika ya 6, 8 na 10, awe amefika mtoni kabla ya kila moja bila kupoteza mkupuo wa askari. Kwa namba tano: kambi tatu zilizorundikwa katika majaribio matano, na macho manne yaliyopandwa, kila moja akilitolea sentensi moja ya sababu. Linamlinda nani? Dhidi ya watakaotokea wapi? Mpaka dakika ya ngapi? Anayejibu "hapa ndipo watu hupanda" arudi wiki ijayo. Majaribio ya namba tatu na nne, na ya Mobile Legends, tumeyaandika na tutayaleta.

(c) Bahasha ya mchezaji bora igawanywe kuwa mbili zilizo sawa: moja ya namba 1 hadi 3, nyingine ya namba 4 na 5. Hiyo ya pili ihesabiwe kwa macho yaliyopandwa, macho ya wapinzani yaliyovunjwa, kambi zilizorundikwa, na vifo. Takwimu hizo gemu inazihifadhi kila mechi. Hakuna wa kusumbuka kuhesabu. Tunajua patakuwa na mjanja atakayepanda macho yote sehemu moja ili nambari ipande. Ndiyo maana kila jicho lililovunjwa ndani ya dakika moja lisihesabiwe.

(d) Wamiliki watenge saa mbili siku moja ya kazi, asubuhi, kwa nusu bei, kwa mazoezi ya namba tu. Katika saa hizo mchezaji atazame rekodi ya mechi yake, dakika ya 8 hadi ya 16, kupitia macho ya mbebaji wake. Dota inaruhusu jambo hilo bila malipo. Ni hapo tu namba tano huona kwamba dakika ya 11 mwenzake alisimama gizani akisubiri jicho ambalo halikuja. Tutatoa wafunzaji wanne wa kujitolea, hatudai nauli.

(e) Atakayemtukana mwenzake kwenye spika za ukumbi kwa sababu anajifunza namba mpya akae nje mechi moja. Mnajua ni akina nani. Wengine ni wa kwetu, na hatutawatetea.

Tunaomba jibu la maandishi, hata kama ni la kukataa, lenye sababu kwa kila ombi. Tukifika siku ya usajili bila jibu, timu saba zilizokubaliana na barua hii hazitajisajili, na tutaandaa jaribio la ombi (b) wenyewe, katika ukumbi utakaotupokea, milango wazi kwa wanakamati watakaotaka kuja kutazama. Au kukaa kwenye kiti na kujaribu.

Wenu katika mchezo,

Manahodha na wafunzaji wa timu,
Mombasa